Neno "Bepari" na Safari Yake: Kusoma Msamiati Mgumu wa Mabepari wa Venisi

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa mandir mbele ya waumini na majirani wakati wa maadhimisho)



Kamati imenipa nafasi nieleze kazi ya darasa la kusoma linalokutana kila Jumapili jioni katika maktaba yetu, baada ya arati. Kwa miezi kadhaa sasa vijana wetu, pamoja na wenzao wa mtaa huu wasio wa mandir, wamekuwa wakisoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere ya tamthilia ya William Shakespeare, iliyochapwa mwaka 1969. Kisa chenyewe hakikuwapa taabu. Taabu ilikuwa katika maneno. Kijana aliyezoea kupata alama nzuri katika mitihani ya Kiswahili alikuta kurasa ambazo kila mistari michache ina neno asilolijua au, vibaya zaidi, neno analodhani analijua.

Ninayo sababu ya pili ya kusimama hapa. Wazee wetu wawili watatu waliniuliza, kwa upole wao wa kawaida, kwa nini kati ya vitabu vyote vya Kiswahili tulete ndani ya mandir kitabu ambacho jina lake ni neno tulilokuwa tukitupiwa kama jiwe. Swali hilo ni la haki. Naomba subira yenu, kwa kuwa jibu lake limo katika neno lenyewe, na hatuwezi kulifikia kabla ya kupitia mengine.

Kwa wasiokijua kisa, nitakisema kwa ufupi. Bassanio, kijana wa Venisi, anahitaji fedha ili akamchumbie Portia, binti mwenye mali nyingi. Rafiki yake Antonio ni mfanyabiashara mkubwa, lakini mali yake yote iko baharini, ndani ya merikebu. Wanakwenda kwa Shylock, Myahudi mkopeshaji, ambaye Antonio amezoea kumtukana na kumtemea mate hadharani. Shylock anakubali kutoa dukati 3,000 kwa muda wa miezi 3. Hataki riba. Anataka hati isemayo kwamba siku ikipita bila malipo, atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Merikebu hazirudi, kesi inafikishwa mbele ya mtawala wa mji, na Portia, aliyejigeuza mwanasheria wa kiume, ndiye anayeikata.

Tulianza na maneno matatu yanayochanganywa hata na watu wazima: mkopo, dhamana na rehani. Mwanafunzi akisoma fasili tatu zinazokaribiana katika kamusi, kesho yake amezisahau. Katika tamthilia maneno hayo yana sura za watu. Bassanio ndiye mkopaji. Antonio ndiye mdhamini. Hakutia hata senti moja mfukoni mwake, bali ameweka jina lake chini ya haja ya mwingine. Na rehani ni kitu kinachowekwa mkononi mwa mdai mpaka deni lilipwe, ambacho kwa kawaida huwa shamba, nyumba au bangili za dhahabu, na katika kisa hiki ni nyama iliyo karibu na moyo wa mtu. Tulipofika hapo, binti mmoja ambaye mama yake yumo katika kikundi cha kina mama cha kukopeshana alinyanyua kichwa akasema: "Kumbe mama ni mdhamini wa watu wanne!" Hakuna kamusi ambayo ingemfundisha neno hilo pamoja na hofu yake.

Neno rehani linatuhusu kwa namna nyingine, na si vyema tulipite kimyakimya. Katika karne ya 19 nyumba za biashara za Kikutchi na Kigujarati zilikuwa na nguvu kubwa Unguja. Nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kutch, ilikodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi. Wakopeshaji wa Kihindi waliwakopesha wenye mashamba ya mikarafuu, na mashamba yakawekwa rehani. Bei ya karafuu ikianguka, deni halianguki. Mambo yalizidi hata mwaka 1934 serikali ya kikoloni ya Zanzibar ikatunga sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isipite mikononi mwa Wahindi kwa njia ya madeni. Nawaeleza vijana kwamba wazee wetu hawakuwa Shylock, wala hawakuwa malaika. Walikuwa watu wa daftari, na daftari lina pande mbili.

Ratili lilikuwa neno la kufurahisha. Vijana hawajawahi kuliona likifanya kazi, kwani wamezaliwa katika dunia ya kilo. Basi tulimwomba Ba mmoja, ambaye katika ujana wake alisimama nyuma ya kaunta ya duka la mkoani, aje atueleze. Alisema ratili haifiki nusu kilo, ila mtu wa mizani hapimi kwa macho, anapima kwa sikio la mnunuzi. Akimaanisha kwamba mnunuzi akiona mkono umetulia kwenye mizani, husikika akiguna. Akatufundisha na neno punja, yaani kumpimia mtu pungufu ya haki yake. Baada ya mazungumzo hayo, hukumu ya Portia ilisomeka kwa wepesi usio wa kawaida. Anamruhusu Shylock akate nyama yake, lakini iwe ratili kamili, isizidi wala isipungue hata kwa uzito wa unywele, na damu isitoke hata tone moja kwa sababu hati haikutaja damu. Yule Ba alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema hakuna muuza nyama aliyepata kuifanya kazi hiyo tangu dunia iumbwe.

Riba ilitupa kazi zaidi, kwa sababu darasa letu ni la mchanganyiko. Kwa kijana wa Kiislamu wa mtaani, neno hilo lina uzito wa katazo. Akilisikia tu, anajua limeingia jambo la haramu. Kwa kijana anayesomea benki ni asilimia fulani kwa mwaka. Kwa Mgujarati wa zamani lipo neno vyaj, ambalo huandikwa daftarini bila aibu na bila fahari. Watu watatu wanaketi meza moja, wanatamka sauti moja, na kila mmoja anasikia jambo lake. Ndivyo ilivyo katika tamthilia pia. Antonio hukopesha bila riba na hujivunia hilo. Shylock huona kwamba Antonio anamharibia soko. Ajabu ni kwamba katika mkopo ule mmoja unaozua kesi yote, riba haimo kabisa. Mtu anayechukiwa kwa ajili ya riba anaikataa riba siku anayopata nafasi ya kulipa kisasi. Vijana waliliona hilo wenyewe, nami nilinyamaza nikawaacha wabishane.

Hapo nilileta neno letu. Wakati wa Diwali, katika Chopda Pujan, wafanyabiashara wa Kigujarati huleta madaftari mapya ya hesabu yabarikiwe, na katika ukurasa wa kwanza huandikwa Shubh na Labh. Labh ni faida. Shubh ni heri, kile chenye baraka. Heri huandikwa pamoja na faida, na hutajwa kwanza. Nilimwuliza kila kijana atafute katika tamthilia nzima mtu mmoja ambaye daftari lake lingeweza kubeba maneno yote mawili. Wengine walimtaja Antonio, wakakumbushwa mate aliyotema. Wengine walimtaja Portia, wakakumbushwa jinsi hukumu yake inavyoishia. Mjadala huo haujafungwa.

Sasa nimefika kwenye neno ambalo wazee waliniulizia.

Bepari si neno lililotungwa ili kututukana. Ni neno letu. Wagujarati husema vepari, Wahindi wa kaskazini husema vyapari au byapari, na yote yanatoka katika Kisanskriti vyapara, ambalo maana yake ni shughuli, kazi anayoshika mtu. Katika mzizi wake hamna hata harufu ya fedha. Neno hili lilisafiri kwa jahazi kutoka Mandvi na Porbandar likisukumwa na kaskazi, likashuka pwani hii pamoja na wenzake: hundi, bima, laki, pesa, gari, gunia. Kamusi za zamani zilieleza bepari kuwa mfanyabiashara tu, kama vile mtu anavyoeleza mvuvi au fundi.

Lipo neno jingine lililopatwa na mambo kama hayo. Tajiri, kwa Kiarabu, ni mfanyabiashara. Kiswahili kikalipokea, na kwa kuwa watu waliona wafanyabiashara ndio wenye mali, tajiri akawa mwenye mali, hata kama mali hiyo aliirithi na hajauza hata kiberiti maishani mwake. Leo dereva wa daladala humwita mwenye gari "tajiri wangu". Kiswahili kilipewa maneno mawili ya mfanyabiashara na watu wawili wa ng'ambo ya bahari. Moja kikaligeuza kuwa jina la utajiri, na jingine, baadaye, jina la mfumo mzima wa uchumi. Kwa kazi ya kuuza na kununua hasa tukabaki na mfanyabiashara, na mchuuzi kwa yule mdogo. Sidhani lugha hufanya hivyo kwa bahati tu. Watu wa pwani na bara walikuwa wakitutazama, na walichokiona wakakiweka ndani ya neno.

Ndipo ikaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Ubepari likawa jina la mfumo unaompa mtu mmoja jasho la wengi, na bepari akawa mtu wa mfumo huo. Neno likasimama safu moja na unyonyaji na ukabaila. Miaka miwili baadaye Mwalimu akachapisha tafsiri yake. Kwa Kiingereza kichwa cha tamthilia kinamtaja mfanyabiashara, mmoja tu. Mwalimu angeweza kuandika mfanyabiashara, au tajiri. Aliandika mabepari, tena kwa wingi. Hapo pana mambo mawili ambayo msomaji mwenye haraka huyakosa, na ndiyo niliyoyataka wazee wetu wayasikie.

La kwanza: huyo mfanyabiashara wa kichwa cha Kiingereza si Shylock. Ni Antonio, Mkristo, raia mheshimiwa, rafiki wa wakubwa, mtu wa tabaka linalotawala Venisi. Watu wengi wakisikia jina la kitabu humfikiria Myahudi na kisu chake. Hata Portia akiingia mahakamani inambidi aulize ni yupi kati ya wawili hao aliye mfanyabiashara na yupi Myahudi. La pili: kwa kulifanya neno kuwa la wingi, Mwalimu hakumwacha mtu nje. Antonio na merikebu zake za Tripoli, Lisbon na India ni bepari. Bassanio anayeoa kwa mkopo ni wa dunia hiyohiyo. Shylock naye. Mwezi ule ule wa Azimio, Mwalimu aliandika makala akionya kwamba ujamaa si ubaguzi wa rangi, na kwamba ni kosa kugawa watu kwa rangi zao kana kwamba rangi ndiyo inayoonyesha nani mnyonyaji. Nakisoma kichwa cha kitabu hiki pamoja na makala hayo. Wengine watanipinga, na wanayo haki.

Najua kwamba mtaani neno halikutumika kwa uangalifu wa namna hiyo. Aprili 1971 Serikali ilipotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi laki moja, wengi wa waliopoteza walikuwa watu wa asili ya Asia, na wengi wao hawakuwa matajiri wakubwa, bali familia zilizojenga ghorofa moja juu ya duka kwa akiba ya vizazi viwili. Wengine waliondoka nchini, na hawakurudi. Hata kipimo kile, laki, kilikuwa neno letu. Mzee aliyesikia "bepari" likipigwa kelele nje ya dirisha lake mwaka ule hawezi kuambiwa leo kwamba alisikia vibaya. Sikuja kumwambia hivyo. Nasema tu kwamba mjukuu wake, akilikuta neno hilo katika kitabu, anastahili kulipokea likiwa zima: shughuli ya Kisanskriti, duka la Kigujarati, jahazi, Azimio, na dirisha la babu yake. Akipewa kipande kimoja, atakuwa amepunjwa.

Nakumbuka pia kwamba Bharatendu Harishchandra wa Banaras aliifasiri tamthilia hiihii kwa Kihindi katika karne ya 19, akaiita Durlabh Bandhu, yaani rafiki adimu. Mfasiri mmoja alitazama kisa akaona urafiki. Mwingine alikitazama akaona mali. Vijana walipenda sana kulinganisha vichwa hivyo viwili. Mmoja alisema kwamba angekiita "Wadhamini".

Kuna neno moja la Venisi ambalo vijana walilijua kunishinda mimi. Mwaka 1516 watawala wa Venisi waliamuru Wayahudi wote wa mji wakae katika eneo moja, ambalo milango yake ilifungwa usiku na kulindwa. Eneo hilo liliitwa Ghetto, na wengi husema jina lilitokana na viwanda vya kuyeyushia shaba vilivyokuwa hapo zamani. Hawakuruhusiwa kumiliki ardhi. Waliruhusiwa kukopesha fedha na kuuza nguo kuukuu. Kisha wakachukiwa kwa kukopesha fedha. Nilipolitamka jina hilo darasani, vijana waliangua kicheko, kwani kwao geto ni chumba cha kupanga cha kijana asiyeoa, chenye godoro na redio. Nikawaambia wacheke, halafu wafikiri ni mbali kiasi gani neno limetembea mpaka kumfikia kijana wa mtaa huu. Na wafikiri juu ya watu wanaonyimwa ardhi kisha wakalaumiwa kwa kushika mizani. Wazee waliofanya biashara Kenya wanakumbuka nyanda za juu zilizotengwa kwa Wazungu, ambako Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba.

Neno la mwisho nitakaloligusa lilitugharimu jioni mbili nzima. Ni rehema, pamoja na ndugu zake huruma na msamaha. Huruma ni jambo la moyoni. Hata mtu asiye na uwezo wowote huwa nayo. Msamaha ni kuacha kudai haki yako. Rehema hushuka kutoka kwa aliye juu kwenda kwa aliye chini, na ndiyo maana tunaitumia zaidi kwa Mungu. Katika lugha ya sala zetu tunayo daya na kshama, nazo hazilingani moja kwa moja na haya matatu. Hotuba mashuhuri ya Portia kuhusu rehema ndiyo sehemu ambayo wanafunzi dunia nzima hukaririshwa. Sisi tuliisoma kwa sauti, mara tatu, kisha tukaendelea kusoma, na hapo ndipo wengi huacha. Kwa kuwa kesi inamgeukia Shylock. Mali yake inagawanywa, na kama sehemu ya rehema anayotendewa, analazimishwa kuiacha dini yake na kubatizwa. Haulizwi anataka nini.

Darasa lilinyamaza. Kijana mmoja Mkristo wa mtaani, ambaye husoma vizuri kuliko wote, ndiye aliyesema kwanza. Alisema kwamba neno lililotumika pale si rehema hata kama limeandikwa hivyo, na akaomba aandike katika daftari lake maana mbili tofauti. Nilimruhusu. Nasema mbele yenu kwamba jioni ile, ndani ya mandir, kijana wa kanisa alimtetea Myahudi asilazimishwe dini, na watoto wetu walimsikiliza.

Mnisamehe nikisema kidogo juu ya daftari hilo, maana wazazi wengi huniuliza wafanyeje nyumbani. Hatuandiki orodha ya maneno na maana zake. Kila neno gumu huandikwa pamoja na mambo matatu: nani amelisema, amemwambia nani, na alitaka nini alipolisema. Maana huandikwa mwisho, kwa kalamu ya risasi, ili iweze kufutwa. Kisha kijana hutakiwa alitumie neno hilo nyumbani au sokoni ndani ya juma, na aje atueleze lilipokelewaje. Mmoja alimwambia muuza nyanya kwamba amempunja. Hakukaribishwa tena katika genge hilo, lakini neno analo mpaka leo.

Darasa litaendelea Jumapili ijayo, na tutaanza sehemu ya tano. Nakala ni chache, hivyo mwenye kitabu cha zamani nyumbani, hata kama jalada limetoka, tunaomba atuazime. Majirani wote mnakaribishwa. Viatu huachwa pale kwenye ngazi, na chai ipo. Neno tutakaloanza nalo ni muflisi. Naomba wazee wenye kumbukumbu za maduka yaliyofungwa, na ya yaliyofunguliwa tena, waje kukaa nasi.